Kabla Hujanunua Nyumba ya Wageni Unguja

Dalali mzuri wa pwani ya mashariki ya Unguja anaujua mwezi kama mvuvi. Akikupeleka kuona nyumba Jambiani au Bwejuu, atakupangia saa kumi jioni, tena siku za bamvua. Saa hiyo maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, upepo unapuliza taratibu, na wewe uliyetua jana usiku kutoka Muscat au Manchester unajiona umeshafika nyumbani. Kesho yake saa nne asubuhi bahari hiyo hiyo imekwenda zake. Mbele yako ni mchanga, majani na safu za vijiti vya mwani, na kina mama wameinama mbali kabisa wakifunga mbegu kwenye kamba. Mgeni aliyelipia nyumba ya ufukweni atasimama barazani, taulo begani, akiuliza bahari iko wapi. Baadaye ataingia mtandaoni akupe nyota tatu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni jepesi na halina gharama: ukaione nyumba mara mbili, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa. Huko Nungwi na Kendwa, kaskazini, mtu anaogelea karibu saa zote, na hiyo ni sababu mojawapo ya ardhi ya huko kuwa ghali. Paje maji yanakwenda mbali, lakini wageni wake wengi wanafuata upepo. Wanakuja na matanga yao ya kuteleza juu ya maji, kusi ikivuma katikati ya mwaka na kaskazi ikirudi Desemba. Kila ufukwe una mgeni wake. Anayenunua Jambiani akitarajia mgeni wa Kendwa atakuwa akijieleza kila wiki.

Nyumba si bahari tu, najua. Swali ninaloulizwa zaidi na jamaa walio nje ni hili: ninunue sasa, nipangishe watalii miaka mitano au sita, nyumba ijilipe, halafu nirudi nikae mwenyewe? Mpango unavutia. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na fleti zinajengwa kila upande. Kasoro yake ni kwamba unaitaka nyumba moja ifanye kazi ya nyumba mbili.

Mgeni wa siku saba anataka ufukwe, bwawa la kuogelea, kitanda kipana chenye chandarua, jiko dogo la kuchemshia kahawa na mahali pa kupigia picha. Wewe utakayerudi na miaka hamsini na kitu unataka kabati za kutosha, jiko linaloweza kubeba sufuria ya pilau ya watu ishirini, chumba cha chini kwa mama asiyeweza ngazi, shule kama bado una watoto, na hospitali. Kutoka Paje hadi hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, kama gari lipo na dereva hajalala. Nilikaa miezi minne kwenye kijumba kizuri sana Michamvi. Siku mtoto wa jirani alipobanwa na pumu saa nane za usiku, ndipo nilipoelewa kwa nini wenyeji wenye uwezo wa kuchagua wanajenga upande wa mjini.

Ukinilazimisha nikushauri, nitasema nunua ya wageni uiache iwe ya wageni, na wewe ukirudi upange nyumba ya kawaida upande wa mjini, Mbweni au Fumba, mpaka ujue unataka kukaa wapi. Au fanya kinyume chake: nunua utakapokaa, karibu na mji na uwanja wa ndege, na umpangishe mtu wa mwaka mzima, mwalimu, daktari au mfanyakazi wa mradi. Kodi ya mwezi ni ndogo, lakini hufui mashuka kila siku ya tatu. Anayetaka vyote viwili chini ya paa moja aandae subira na akiba.

Sasa sheria, na hapa ndipo watu wetu wanapoumia, kwa sababu wanadhani wanarudi kwao.

Unguja kuna mtaa unaoitwa Ng'ambo, kwa kuwa ulikuwa upande wa pili wa hori lililoutenga na Mji Mkongwe. Hori lenyewe lilikwisha kufukiwa, jina limebaki. Kisheria nawe unaweza kuwa mtu wa ng'ambo hali umesimama kwenye baraza ya babu yako. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo Mzanzibari aliyekula kiapo akachukua pasi ya Uingereza au Kanada ni mgeni mbele ya afisa wa ardhi, hata akizungumza Kimakunduchi. Suala la hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania limezungumzwa sana na limefika bungeni. Fuatilia, ila usinunue kwa kutegemea kadi ambayo hujaishika mkononi. Na usisahau kuuliza jambo ambalo wengi hawalifikirii: haki ya ardhi itokanayo na hadhi hiyo ni ya Bara peke yake, au na Zanzibar? Ardhi si jambo la Muungano.

Hilo linamgusa hata mtu wa Dar es Salaam mwenye pasi ya Tanzania. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya Serikali, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1992 ikaweka haki ya matumizi mikononi mwa Wazanzibari. Mtu wa Mwanza anayedhani anavuka kwa boti kwenda kununua kiwanja kama anavyonunua Kigamboni anajidanganya. Mkenya, ambaye nchi yake inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, asidhani uhuru huo unavuka mpaka pamoja naye.

Asiye Mzanzibari ana njia kuu mbili. Moja ni ukodishwaji wa ardhi kwa ajili ya uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, ZIPA. Nyingine ni fleti au nyumba ndani ya mradi ulioidhinishwa, chini ya Sheria ya Kondomini ya 2010. Njia hii ya pili ndiyo iliyoleta miji mipya kama Fumba na majengo ya Paje, na mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika miradi hiyo anaweza kuomba kibali cha ukaazi. Kuomba, nasema. Kibali kina masharti yake na kinahuishwa, nacho si uraia.

Neno la kushika hapa ni ukodishwaji. Wauzaji hupenda kusema miaka 99, na ndivyo ilivyo mara nyingi, lakini uliza miaka hiyo ilianza kuhesabiwa lini. Kampuni ikiwa ilipewa ardhi muda mrefu uliopita, wewe unanunua kilichobaki. Mikataba mingine ya uwekezaji inaanza na miaka 33 inayoweza kuongezwa. "Inaweza kuongezwa" si sawa na "itaongezwa". Uliza pia mwanao atarithi vipi, ukitaka kuuza utamuuzia nani, na kama kampuni ina haki ya kununua kwanza. Kama afisa mauzo anajibu kwa tabasamu na kijitabu cha picha, muombe nakala ya mkataba wa ardhi wa kampuni yenyewe. Anayeuza kwa halali hatakasirika.

Wengi hawataki mzunguko huo. Wanachukua njia ya mkato, wananunua kwa jina la kaka.

Nina jamaa aliyekuwa Toronto. Kwa miaka tisa alimtumia kaka yake fedha, wakapata kiwanja, wakajenga vyumba sita vya wageni. Kaka hakula senti. Alituma hesabu kila mwezi, mpaka na stakabadhi za dawa ya mbu. Kisha akafariki ghafla. Mirathi ilipofunguliwa, nyumba ilikuwa kwenye jina la marehemu, basi ikawa ya marehemu. Mjane akapata thumni yake, kilichobaki wakagawana watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Jamaa yangu hakuwa na fungu hata kwa undugu, kwa kuwa nduguye maiti huzuiwa na mtoto wa kiume. Watoto hao si watu wabaya. Walikuwa wadogo, na mali ya watoto wadogo hakuna kadhi atakayeitoa kwa maneno ya simu.

Watu hunijibu kwamba wao ndugu yao ni mwaminifu. Hata huyu alikuwa mwaminifu mpaka anazikwa. Wapo pia wanaoandikiana karatasi ya siri, jina ni lake ila nyumba ni yangu. Wakili mkweli atakwambia karatasi hiyo inaweza kukugeukia, maana mbele ya mahakama inakiri kwamba mlikuwa mnaikwepa sheria. Kama sheria hairuhusu uwe na kile kiwanja, tafuta kile inachokuruhusu, hata kama ni chumba kimoja na sebule.

Kwa Mzanzibari ambaye bado ana pasi yake, awe anaishi Dubai au Oslo, mlango wa kiwanja cha kijijini uko wazi, nao una mambo yake. Kwanza jua ardhi ile ni ya aina gani. Kuna eka tatu, mashamba waliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi, ambayo hayauzwi kiholela. Kuna uwanda, ile ardhi ya mawe ya pwani ya mashariki, ambayo ukoo mzima unaweza kuwa umeilima kwa zamu tangu enzi za mababu, na anayekuuzia leo ni mjukuu mmoja kati ya arobaini. Halafu kuna miti. Kwetu mnazi unaweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi. Umelipa kiwanja, umezungusha ukuta, na mzee mmoja anapiga hodi akitaka kuangua nazi zake. Yuko sawa.

Mji Mkongwe ni habari nyingine kabisa, na sitaki kuigusa kwa haraka kwa sababu ninaupenda. Milango ile, dari za boriti, ua wa ndani wenye kivuli, kila mtu anaota kuwa na nyumba ya wageni pale. Lakini nyumba nyingi ni wakfu, ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na unachouziwa kwa jina la nyumba ni kilemba cha upangaji tu. Nyingine ni mirathi ambayo haijagawanywa tangu wenyewe walipoondoka kwenda Oman mwaka 1964. Mji umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na Mamlaka ya Kuhifadhi na Kuendeleza Mji Mkongwe ndiyo inayokuambia dirisha liwe la aina gani na ukuta upakwe nini. Saruji juu ya jiwe la matumbawe na chokaa ni sumu ya polepole, inafungia unyevu ndani. Beit el-Ajaib yenyewe, jengo la Serikali na fahari ya mji, lilianguka sehemu siku ya Krismasi 2020 wakati likifanyiwa ukarabati. Fikiria nyumba ya ghorofa tatu ambayo mwenyewe yuko Leicester.

Njoo kwenye hesabu. Makampuni hupenda kuahidi faida ya asilimia nane, kumi, hata zaidi kwa mwaka. Chukua karatasi. Tuseme fleti ya dola 100,000, unaipangisha dola 70 kwa usiku. Aprili na Mei ni masika, hoteli nyingi za pwani hufunga milango, kwa hiyo nusu ya mwaka kupata wageni ni bahati nzuri kwa anayeanza. Usiku 182 mara 70 ni dola 12,740. Mtandao wa kuwekea nafasi ukikata asilimia 15, zinabaki 10,829. Msimamizi wa kupokea wageni, kufua na kupeana funguo akichukua asilimia 20 ya hizo, zinabaki kama 8,660. Ada ya huduma ya jengo tuseme 150 kwa mwezi, umeme wa kiyoyozi ambacho mgeni hazimi akienda kuogelea tuseme 100, na matengenezo 1,200 kwa mwaka. Umebaki na kama dola 4,460, na mtu wa kodi bado hajabisha hodi. Hiyo si hasara, lakini siyo asilimia kumi. Kama mtaji wenyewe ni mkopo wa benki ya Ulaya, umeifanyia kazi benki.

Na mtu wa kodi atabisha hodi, tena ni wawili. Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, inashughulikia VAT, ambayo Zanzibar ni asilimia 15 badala ya 18 ya Bara, pamoja na tozo za malazi. TRA ya Muungano inachukua kodi ya mapato. Kamisheni ya Utalii nayo inataka leseni ya kulaza wageni, hata kama ni vyumba viwili. Wapo wanaofanya kimyakimya, funguo chini ya chungu cha maua na malipo yanaingia akaunti ya nje. Mtu huyo akitaka kurudi kuishi, atajikuta anaomba kibali kwa Serikali ileile aliyoikwepa miaka sita.

Fedha za kununulia zipitie benki, kutoka akaunti yenye jina lako kwenda akaunti yenye jina la muuzaji aliyeandikwa kwenye mkataba. Zisiende kwa binamu wa dalali, wala kwa simu. Kama jengo bado ni ramani, lipa kwa hatua za ujenzi, na kila hatua uwe na mtu wako wa kwenda kuigusa kwa mkono. Mimi mwenyewe nililipa awamu ya tatu ya fleti kwa kutumiwa picha za WhatsApp, ghorofa ya pili imesimama, mafundi wanatabasamu. Zilikuwa picha za jengo la jirani. Fedha nilizipata, miezi kumi na nne baadaye, pungufu.

Kuna gharama moja ambayo haimo kwenye kijitabu chochote, nayo ni chumvi. Inakula bawaba, komeo, viyoyozi, waya za taa na jokofu. Makuti yanapendeza kwenye picha lakini yanaoza, yanabadilishwa kila baada ya miaka michache, na yanashika moto kama karatasi. Maji ya kisima karibu na ufukwe mara nyingi yana chumvichumvi, kwa hiyo weka tangi kubwa na uulize majirani bei ya gari la maji Januari. Umeme wa Unguja unapita kwenye waya chini ya bahari kutoka Bara. Waya wa kwanza ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Tangu 2013 upo mwingine mkubwa zaidi, lakini waliokuwepo wakati ule hawakosi jenereta, au siku hizi betri na sola. Nyumba ya wageni isiyo na umeme saa tatu usiku inarudisha fedha za watu.

Mtunzaji wa nyumba ndiye biashara yenyewe. Usimtafute mtandaoni, mtafute kijijini, kwa kumuuliza sheha, kiongozi wa eneo, na kuwauliza wenye nyumba za jirani. Mlipe vizuri na kwa tarehe, mpe mamlaka ya kutengeneza bomba bila kukupigia simu Stockholm. Pia mweleze mgeni wako, kwa maandishi, kwamba pale ni kijiji cha watu: nguo za kuogelea ziishie ufukweni, mwezi wa Ramadhani asile njiani mchana, muziki usivuke ua. Wewe uko mbali, huwasikii. Lakini siku utakayohamia, utapokelewa kwa jina ambalo wageni wako wamekujengea pale mtaani kwa miaka sita. Nimeona mtu mwema, wa swala tano, akikaa mwaka mzima bila kualikwa harusi hata moja.

Ndiyo maana nawaambia watu wasinunue kabla ya kukaa. Si likizo ya Desemba, Desemba kila mtu anapenda Zanzibar. Chukua likizo bila malipo ukilazimika, panga kijumba katika kijiji hichohicho, katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei. Masika itakuonesha paa linapovuja, barabara inapokatika, nyumba ipi imejengwa kwenye njia ya maji, na duka lipi linafungwa. Utajua kama mke au mume wako anaweza kuishi pale bila kupiga simu nje kila jioni. Utajua bei ya samaki bila dalali. Muda wote huo wapo watakaokuambia bei inapanda, utachelewa. Acha ipande. Kodi ya miezi hiyo ni kitu kidogo ukilinganisha na hati mbovu.

Ukiisha kuchagua, wakili awe wako, si wa muuzaji, na si yule aliyeletwa na dalali. Afanye upekuzi Kamisheni ya Ardhi, aangalie hati, deni na kesi katika Mahakama ya Ardhi, na kama ni uhamishaji, ahakikishe umepita kwenye bodi inayohusika kabla hujamaliza kulipa. Wakati yeye anapekua makaratasi mjini, wewe nenda kwa sheha wa shehia ile, bila dalali. Nenda alasiri, vua viatu, kubali chai. Zungumza habari za mvua na za wazee kwanza. Halafu muulize ile minazi minne iliyo nyuma ya kiwanja ni ya nani.